Pumziko la kuombwa si haki: somo la London, Tokyo na nyumba zetu za Ghuba

Kila Jumapili baada ya sala ya adhuhuri hukaa na wenzangu wawili katika chumba cha nyuma cha msikiti mmoja hapa London mashariki, tukiwasaidia watu kusoma barua zao. Wengi ni watu wetu: Wazanzibari, watu wa Mombasa na Lamu, na Wabarawa. Barua nyingi huwa za kodi ya nyumba, za skuli za watoto, au za mambo ya viza. Lakini ipo karatasi moja ambayo tumeiona mara nyingi mpaka tumeipa jina letu wenyewe, tunaiita "karatasi ya 48". Mwajiri humpa mfanyakazi siku ya kwanza pamoja na mkataba. Inasema kwamba mimi fulani nakubali, kwa hiari yangu, kufanya kazi zaidi ya saa 48 kwa wiki. Chini pana nafasi ya sahihi na tarehe.

Safari moja aliyeniletea karatasi hiyo alikuwa mpwa wangu mwenyewe. Alikuja kutoka Unguja mwaka 2023 kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee, na anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Aliiweka mezani akaniuliza, "Mjomba, hii ni lazima au si lazima?"

Jawabu ya sheria ni fupi: si lazima. Jawabu ya maisha ni ndefu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu naamini inawahusu pia ndugu zetu wa Maskati, Dubai na Doha.

Sheria inasemaje

Kanuni za Saa za Kazi zilianza kutumika Uingereza tarehe 1 Oktoba 1998. Zinaweka kikomo cha wastani wa saa 48 kwa wiki, ambao kwa kawaida huhesabiwa kwa wiki 17. Zinampa mfanyakazi haki ya kupumzika saa 11 baina ya siku moja ya kazi na nyingine, dakika 20 akifanya kazi zaidi ya saa sita, siku moja ya mapumziko kwa wiki, na likizo yenye malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka. Ukizisoma utasema mfanyakazi wa Uingereza yuko salama.

Lakini kikomo cha 48 kimewekewa mlango wa nyuma, nao ni ile karatasi. Ukitia sahihi, kikomo hakipo tena kwako. Unaweza kuifuta sahihi yako kwa kumpa mwajiri taarifa ya siku saba, isipokuwa kama mmeandikiana muda mrefu zaidi, ambao hauwezi kupita miezi mitatu. Mwajiri haruhusiwi kumwadhibu mtu anayekataa. Yote haya yameandikwa.

Ipo kesi moja ambayo kwangu mimi inafichua tatizo lote. Zamani serikali ya Uingereza ilitoa mwongozo uliowaambia waajiri kwamba wajibu wao ni kuhakikisha mfanyakazi anaweza kupumzika, wala hawana wajibu wa kuhakikisha kwamba kweli amepumzika. Tume ya Ulaya iliishitaki Uingereza, na Septemba 2006 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa mwongozo ule ulikuwa unaifanya haki ya mapumziko isiwe na maana. Lipo jambo ambalo kila mfanyakazi analijua: baina ya mwajiri na mwajiriwa, mwajiriwa ndiye mnyonge. Ukimwachia yeye adai mapumziko yake, hatayadai.

Kwa nini hatayadai? Mtazame mpwa wangu. Viza yake imefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Akipoteza kazi ile, kwa kawaida hupewa siku 60 atafute mdhamini mwengine au aondoke nchini. Tena tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka nje, kwa hivyo nafasi aliyonayo hakuna atakayeipata tena kwa wepesi. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "kataa, sheria inakulinda", unamwambia maneno ya kweli ambayo hawezi kuyatumia. Hakuogopa kwamba atafukuzwa siku ile ile. Aliogopa kwamba jina lake litakumbukwa.

Nami nilitia sahihi

Sikuweza kumkemea, kwani mimi mwenyewe niliitia sahihi karatasi kama ile miaka ishirini na zaidi iliyopita, katika kiwanda cha mikate. Sikuisoma. Niliambiwa kila mtu anatia, nami nikatia. Kwa miaka mitatu nilifanya saa 60 kwa wiki, mara nyengine zaidi, na nilijiona mwanamme. Nilikuwa nikipeleka fedha Unguja, nikisifiwa.

Asubuhi moja nilipanda basi kutoka kazini, usingizi ukanichukua, nikaamshwa na dereva kituo cha mwisho. Simu ilikuwa imelia mara sita mfukoni. Baba alikuwa hospitali, Mnazi Mmoja, na alitaka tuzungumze. Nilipopiga mimi alikuwa hawezi tena kusema, na jioni ile alifariki. Siwezi kusema kwamba kazi ndiyo iliyoninyima mazungumzo yale. Kila jambo lina siku yake. Lakini tangu hapo nikiona mtu amelala ndani ya basi la asubuhi, kavaa sare, mdomo wazi, simcheki.

Na anayelala si abiria peke yake. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Loughborough kilitoa uchunguzi kilioufanya kwa niaba ya Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji hili, kuhusu uchovu wa madereva wa mabasi. Takriban dereva mmoja kati ya watano alisema kwamba hupambana na usingizi akiwa kwenye usukani, si chini ya mara mbili au tatu kwa wiki. Hao ndio wanaobeba watoto wetu kwenda skuli. Kwa hivyo mapumziko ya mfanyakazi ni jambo la usalama wa watu wote.

Halafu kuna suala la saa zipi zinahesabiwa kuwa kazi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu mbili kwa muda wa mwezi mmoja. Tarehe 19 Februari iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo, na kwamba muda wao wa kazi unahesabika tangu wanapofungua programu wakiwa tayari kuchukua abiria. Madereva wetu wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Tarehe 19 Machi mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba mhudumu anayelala nyumbani kwa mgonjwa ili aamke akihitajiwa hana haki ya kima cha chini kwa saa anazolala. Zinazohesabiwa ni zile anazoamka kufanya kazi. Majaji walifuata maandishi ya kanuni, nami si mwanasheria wa kuwasahihisha. Lakini muulize mama yeyote aliyewahi kulala na mgonjwa mlango wa pili kama ule ni usingizi.

Wajapani walifikaje walipofika

Siku tunazungumza haya chumbani, mzee mmoja akasema, "Basi nyinyi hamjaona kazi. Wajapani wanakufa kazini." Ni kweli, nao wana neno lake: karoshi, yaani kufa kwa kazi iliyopita kiasi. Lakini Japani ya leo si ile ya miaka kumi iliyopita, na namna ilivyobadilika ina funzo kwetu.

Tarehe 25 Disemba 2015 msichana wa miaka 24, Matsuri Takahashi, aliyekuwa mfanyakazi mpya wa kampuni kubwa ya matangazo, Dentsu, alijiua. Wakaguzi wa kazi waligundua kwamba alikuwa akifanya zaidi ya saa 100 za ziada kwa mwezi, na mwaka 2016 kifo chake kilitambuliwa rasmi kuwa kimetokana na kazi. Mama yake hakunyamaza. Kampuni ikaanza kuzima taa za ofisi saa nne usiku, na mwaka 2017 mahakama ikaitoza faini ya yeni 500,000, kiasi ambacho kwa kampuni ya namna ile ni kama fedha ya chai. Lakini nchi ilikuwa imeshtuka.

Kwanza Japani ilijaribu njia ya upole. Februari 2017 serikali na wafanyabiashara walianzisha mpango wa kuwahimiza watu waondoke kazini saa tisa alasiri, Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, wakatembee na kununua vitu. Ulikuwa mwito, haukuwa amri. Wachache mno waliondoka. Nani atakuwa wa kwanza kuinuka na mkubwa wake bado amekaa? Sisi tuliolelewa kwamba mdogo hanyanyuki kwenye sinia kabla ya mkubwa tunaielewa hali hiyo bila ya kufasiriwa.

Ndipo ikaja sheria. Bunge lilipitisha mageuzi ya kazi Juni 2018, yakaanza kwa kampuni kubwa Aprili 2019 na kwa ndogo Aprili 2020. Saa za ziada ziliwekewa kikomo cha 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka. Hata pakiwa na dharura, zisifike 100 kwa mwezi wala zisipite 720 kwa mwaka, na anayevunja anaweza kufungwa au kutozwa faini. Lakini kifungu ninachokipenda zaidi ni kile cha likizo. Mfanyakazi mwenye haki ya siku kumi au zaidi za likizo kwa mwaka, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha kwamba amechukua siku tano, asilani. Akiwa hakuchukua, mwenye makosa ni mwajiri.

Tazama matokeo. Kabla ya sheria hiyo Wajapani walikuwa wakitumia takriban nusu tu ya siku zao za likizo. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepita asilimia 60. Watu ni wale wale, na haya ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu haombi tena, anaambiwa, "Nenda, usije ukatutia matatani."

Sisemi Japani imemaliza kazi. Madereva wa malori, madaktari na wajenzi waliachiwa miaka mitano zaidi, wakaingizwa kwenye vikomo vyao Aprili 2024, na madereva wengi walilalamika kwamba saa zilipopungua na pato lilipungua. Oktoba 2025 Sanae Takaichi, siku aliyochaguliwa kuongoza chama chake, alisema yeye ataacha habari ya kupima kazi na maisha, atafanya kazi tu. Alipokuwa waziri mkuu mwezi huo huo aliagiza iangaliwe kama kanuni za saa zinaweza kulegezwa. Kwa hivyo haki hii inaweza kurudi nyuma, Tokyo kama London.

Jua la Ghuba

Wasomaji wa Ghuba hawahitaji kwenda Tokyo kuuona mfano huu. Kuanzia Juni hadi Agosti, Oman inakataza kazi za juani baina ya saa 6:30 mchana na saa 9:30 alasiri. Imarati inakataza kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:00, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar, tangu mwaka 2021, inakataza mapema zaidi, kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, tangu 1 Juni hadi 15 Septemba.

Mtu anaweza kusema mengi juu ya maisha ya wajenzi wa Ghuba, na mengi yatakuwa kweli. Lakini katika jambo hili moja sheria ya Ghuba imekuwa na akili kuliko ile ya Uingereza. Fundi hapewi karatasi ya kutia sahihi kwamba yuko tayari kupigwa na jua kwa hiari yake. Haombi, wala hana haja ya kuwa shujaa. Saa ikifika, kazi inasimama, na mkaguzi akikuta watu wanafanya kazi humuuliza mwenye kampuni.

Sheria mpya ya kazi ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya mwaka 2023, nayo imesogea mbele: saa nane kwa siku na 40 kwa wiki, saa sita kwa siku kwa Waislamu katika Ramadhani, na likizo isiyopungua siku 30 kwa mwaka. Vijana wetu walioko kwenye makampuni ya Maskati wananambia wameuona utofauti.

Lakini sheria hiyo haiwahusu wafanyakazi wa nyumbani; hao wamewekewa kanuni zao mbali. Imarati wana sheria yao ya mwaka 2022 inayotaka mfanyakazi wa nyumbani apate saa 12 za mapumziko kwa siku, nane kati yake zikiwa za mfululizo, na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Imeandikwa vizuri. Shida ni kwamba hakuna mkaguzi anayeingia jikoni kwetu kila usiku kuangalia saa.

Hapa ndipo makala haya yaliponigeukia. Nilipokuwa nimeshughulishwa na mambo ya mpwa wangu, nilimpigia dada yangu mkubwa aliyeko Maskati, kumtaka shauri. London ilikuwa saa tatu usiku, na kwake ilikuwa inakaribia saa saba. Alikasirika kwa ajili ya mtoto. "Hao hawana huruma? Mwambie akatae! Mtu halali, atakuwa mgonjwa!" Na katikati ya maneno hayo, akaugeuza uso kidogo pembeni ya simu, akamwambia msichana wa kazi alete chai ya mwisho, wageni wanataka kuondoka, halafu amalizie vyombo.

Msichana yule ni wa Tanga. Namjua, yeye ndiye hunipokea simu dada akiwa anasali. Alfajiri huwa keshaamka, kwani watoto wa skuli wanataka kutayarishwa. Nikahesabu kichwani. Sikupata hata saa tano.

Dada yangu si mtu mbaya. Anamlipa kwa wakati, anamvisha, na mwaka juzi alimpeleka Umra. Simlinganishi na yale yaliyoandikwa na Human Rights Watch mwaka 2017 kuhusu mateso ya baadhi ya wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania Oman na Imarati. Lakini msichana yule naye ameitia sahihi karatasi ya 48, ingawa hakuna aliyempa karatasi wala kalamu. Mwajiri wake ndiye aliyemleta. Nyumbani kwao wanamtegemea. Kila siku anaweza kusema "nimechoka", na hatalisema. Ni yule yule mpwa wangu, kabadilishwa mji.

Nilinyamaza wakati ule, kwa adabu. Wiki iliyofuata nilimwambia, "Dada, lile uliloniambia juu ya mtoto wetu, na la huyo wa kwako ni hilo hilo." Alikaa kimya muda. Kisha akasema, "Yeye mwenyewe hajasema kitu." Nikamwambia, "Na mtoto wetu naye hajasema kitu kazini kwake." Sasa saa nne usiku jiko linafungwa, na wageni wakichelewa anayepika chai ni dada mwenyewe au binti zake. Siku ya Ijumaa msichana hana kazi. Hakuomba. Ameambiwa tu kwamba ndiyo desturi mpya ya nyumba.

Bei ya kupumzika

Mpwa wangu alitia sahihi. Sikumzuia. Nilichofanya ni kumwandikia kwenye kipande cha karatasi: "siku saba". Baada ya miezi mitatu alikuja mwenyewe, macho mekundu, kapungua. Usiku mmoja alikuwa amempa bibi mmoja dawa za jirani yake, akagundua kabla hajazimeza. Tuliandika taarifa ya mistari minne ya kuifuta sahihi, akaipeleka. Hakufukuzwa. Hakuna aliyemsema. Ila zamu za ziada zilikatika, na fedha alizokuwa akipeleka Unguja zikapungua kwa karibu thuluthi.

Hilo lazima lisemwe wazi, kwani mara nyingi tunazungumza mapumziko kana kwamba ni bure. Mtu hafanyi saa 60 kwa kupenda. Hufanya kwa sababu saa 40 hazitoshi kulipa kodi London na kujenga Fuoni. Ndiyo maana madereva wa Japani walilalamika. Kikomo cha saa kisichofuatana na mshahara wa kutosha humpumzisha mtu kwa kumpunguzia chakula. Wanaodai haki za wafanyakazi, hapa na huko, inafaa wadai yote mawili kwa pamoja.

Na sisi wa ukoo tuna sehemu yetu. Ndugu walipopata habari kwamba fedha zimepungua, baadhi waliuliza kama kijana amebadilika tabia. Ilibidi niwapigie simu mmoja mmoja. Dada wa Maskati alikubali kubeba ada ya skuli ya mtoto wa kijana mpaka mambo yakae sawa, nami nimechukua ya madaftari na sare. Ujenzi wa nyumba umesimama kwenye linta. Utasubiri.

Karatasi ya 48 bado wanatuletea, Jumapili baada ya Jumapili. Siku hizi kabla ya kuisoma humuuliza kwanza aliyeileta nani anategemea fedha zake, halafu huomba namba zao za simu, kwani hao nao wana la kuamua.